Utepe Uliooshwa kwa Karafuu Maiti

Mimi hutengeneza filamu kwa matope. Napiga picha kwa kamera kuukuu ya utepe, kisha utepe wenyewe nauzika kwenye tope la mikoko huku delta, chumvi iule itakavyo. Kinachobaki ndiyo filamu. Kibiti wameshanichoka. "Filamu gani haina stelingi, shujaa wa kumfuata?" huniuliza kila nikishuka kwenye basi na mabegi yangu. Nacheka, napanda bodaboda. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu limekufa siku nyingi.

Baba alikuwa mkata mikoko. Msimu wake wa mwisho nilimfuata na kamera. Nikachukua mgongo wake, mikono, shoka, na uso mara moja tu, alipogeuka kunifokea nisimkanyagie boriti zake. Haukupita muda akaugua, akapelekwa Dar es Salaam, akafia huko. Wakamwosha watu wasiomjua, wakamzika siku ileile, na mama yangu bado yumo kwenye boti, anamfuata. Tangu hapo aliniomba jambo moja: amwone mumewe kwenye filamu yangu.

Nikamwambia asubiri. Nilitaka tope alilolikanyaga baba limalizie kazi. Niliuzika utepe palepale alipokuwa akikatia, na mama nikamwonyesha mahali. Nakala sikuacha. Niliamini nakala ni woga.

Maji makuu ya bamvua yalipopita nikaenda kuuchimba, nikakuta shimo tupu. Nilirudi nyumbani nimefura. Uani mama ameketi mbele ya beseni, anaupitisha utepe vidoleni polepole, na ua mzima unanukia karafuu maiti.

"Mama, umefanya nini? Unazifuta picha!"

Hakuinua kichwa. "Baba yako yumo humu, nawe umemzika hajaoshwa. Wapi umeona mtu akafanyiwa hivyo, mwanangu?"

Nilimfokea. Naona haya kuliandika hili, lakini nilimfokea mama yangu mbele ya majirani. Picha zilikwisha kulegea kwa chumvi, na sasa zilikuwa zimetoka na maji. Uso haukuwepo tena. Nilipomwambia, aliyatazama maji ya beseni. Hapo hasira ikanigeukia mwenyewe, kwani aliyemtia baba shimoni ni mimi. Nikaapa filamu itaonyeshwa hivyohivyo, na mama atakaa mbele.

Ilichukua wiki nzima kuukausha na kuuunga utepe ulipokatika. Ijumaa, baada ya Magharibi, nikatundika shuka ukutani, nikawasha jenereta. Watu walijaa, wengine wamekuja kunicheka tu.

Michirizi myeupe ikaanza kuteremka shukani. Ukatokea mgongo ulioinama, ukafunikwa. Ukaja mkono, michirizi ikaupitia, ukaondoka. Mama alikuwa ameshika magoti yake, hapepesi macho.

"Sasa stelingi yuko wapi?" jirani mmoja akapaza sauti, watu wakaangua kicheko.

"Nyamaza," mama alisema. "Anaoshwa."