Niliomba Simu Yangu Ile Ile

Mama alikuja kukaa kwangu Nsemulwa, hapa Mpanda, mvua zikiwa zimekolea, na mfuko mmoja wa nguo, debe la mchele, na kikohozi ambacho zahanati ya kwao Mpimbwe ilikuwa imeshindwa kukituliza. Tulidhani ni suala la wiki mbili za dawa. Daktari alipomaliza kusoma majibu ya vipimo aliniita pembeni, akaniambia nimpeleke nyumbani, nimpe chakula anachokipenda na nisimchoshe na safari. Nikaelewa. Mama hakuuliza kitu. Nadhani naye alielewa.

Mimi nina steshenari karibu na soko la Mpanda. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu maombi ya ajira, ya vyeti vya kuzaliwa na ya mikopo ya chuo. Wengine huja niwaagizie bidhaa mtandaoni, kwa sababu wanaamini nazijua njia zake. Simu yangu yenyewe niliiagiza kwenye duka moja la mtandaoni la Dar es Salaam, wauzaji wa simu, televisheni na redio. Ilifika kwa basi baada ya siku nne, safi kwenye boksi lake, na kadi ya waranti ya mwaka mzima. Niliwasifia kwa kila mtu.

Kila mchana nilifunga steshenari nikaenda kumpa mama uji. Alikuwa anakaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, ungo mapajani, anachambua mchele hata pale ambapo mchele ulikuwa hauna kitu cha kuchambua. Siku moja alianza kunisimulia jinsi walivyohamishwa kijiji akiwa binti, mama yake akakataa kuondoka bila mlango wa nyumba, ikabidi wanaume wawili waubebe mlango huo mpaka kijiji kipya. Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo. Nikawasha simu ikawa inarekodi. Mama aliitazama, akauliza kama kweli kidude kile kinamsikia. Nikamrudishia sauti yake kidogo. Alicheka hadi akakohoa, akasema huyo mama anaongea sana.

Tangu siku hiyo nilimrekodi karibu kila mchana. Alieleza majina ya mashamba ya mpunga, viboko walivyokula mavuno mwaka fulani, baba alivyokuja kuposa akiwa amevaa viatu vya kuazima.

Baba alikuwa Mnyamwezi, na sisi tulikulia hapa mjini. Nyumbani tuliongea Kiswahili. Kipimbwe, lugha ya kwao mama, nilikisikia wakati wa likizo tu, nikajifunza salamu, majina ya vyakula na maneno ya kukemea watoto. Baba alipofariki mama alirudi kwao, mimi nikabaki Mpanda na Kiswahili changu. Halikuwahi kuwa jambo la kunisumbua, mpaka ugonjwa ulipozidi na mama akaanza kukiacha Kiswahili. Hakufanya kusudi. Alianza sentensi kwa Kiswahili akaimalizia kwa Kipimbwe, na baadaye akawa anaanzia huko huko.

Mchana mmoja aliongea karibu saa nzima. Sauti ilikuwa ndogo, anapumzika kila baada ya maneno machache, anafuta macho kwa pindo la kanga. Nilidaka neno la mtoto. Nilidaka maji. Nilidaka neno la kaburi, kwa sababu hilo nililijua kwenye misiba. Nikahisi ananieleza habari za mtoto aliyewahi kumzaa kabla yangu mimi, ambaye hakuna aliyewahi kumtaja nyumbani kwetu. Hayo mengine yote yalinipita. Alipomaliza alinishika mkono, akaniuliza kwa Kiswahili.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Sikutaka aanze upya na pumzi ile. Simu ilikuwa imerekodi kila kitu, na mama mdogo, mdogo wake aliyebaki Mpimbwe, angenitafsiria neno kwa neno. Ndivyo nilivyojiambia. Jioni ile mama alilala usingizi mzito kuliko siku zote.

Alifariki wiki moja baada ya Pasaka. Tulimpeleka Mpimbwe tukamzika kwao. Pale msibani nyumba ilijaa watu na mama mdogo alikuwa hajiwezi kwa kulia, nikaona si wakati wake. Yeye ana kitochi, simu ndogo ya kubonyeza, kwa hiyo kumtumia rekodi hakukuwezekana. Nikapanga kwamba kwenye misa ya arobaini nitakwenda na simu, tukae wawili tu, tumsikilize.

Siku ya tano baada ya kurudi Mpanda simu ilizima na haikuwaka tena.

Nikaipeleka kwa fundi simu mmoja pale sokoni, mtu mzima mwenye meza moja na taa ya kuvaa kichwani, ambaye nimemfahamu miaka mingi. Aliijaribu kwa chaja tatu, akaipima, akaigeuza.

"Hii imekufa ndani, kwenye bodi," alisema. "Naweza kuifungua nijaribu. Lakini nikishatoa hii stika ya waranti, waliokuuzia hawatakusikiliza tena. Amua mwenyewe, dada."

Nilimuuliza uwezekano. Akasema nusu kwa nusu. Nikaitazama meza yake, na vikopo vyake vya skrubu, nikaona ni kucheza na bahati. Kampuni kubwa yenye mafundi na mashine isingeshindwa. Nikaichukua simu nikaondoka. Uamuzi ule nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuamua.

Na lazima niseme hili pia: kila siku nawaambia wateja wangu watunze nakala. Weka kwenye flashi, jitumie kwenye barua pepe. Rekodi zangu mwenyewe sikuzitunzia nakala popote. Zilikuwa ndefu, bando halikutosha, na mama alikuwa bado yupo.

Kwenye ukurasa wa lile duka kulikuwa na sehemu ya kuandika ujumbe. Niliandika, nikajibiwa papo hapo kwamba maoni yangu ni muhimu kwao. Niliandika tena, nikajibiwa vile vile. Baada ya siku mbili nikapata namba ya kupiga, nikasubiri na muziki sikioni, mpaka akapokea dada mmoja mwenye sauti nzuri. Nilimweleza kila kitu, mama, rekodi, Kipimbwe. Nikamuuliza mara tatu kama simu itafutwa. Mara zote tatu alisema nisiwe na wasiwasi, ataandika kwenye taarifa yangu ya malalamiko kwamba data zisiguswe. Akanipa namba ya taarifa, akasema niwatumie simu. Nikaiandika ukutani.

Nilichapa barua kwa herufi kubwa: SIHITAJI SIMU MPYA. NAHITAJI SIMU HII HII. MSIFUTE KITU CHOCHOTE. Nakala moja niliibandika kwa selotepu mgongoni mwa simu, nyingine nikaiweka ndani ya boksi, nyingine nikaituma kwa barua pepe. Nikalikabidhi boksi kwa wakala wa basi la Dar es Salaam, nikasimama pale stendi mpaka basi lilipoondoka.

Wiki mbili zikapita bila neno. Nilipopiga, kila mara alipokea mtu mwingine, na kila mtu mpya aliniomba nieleze tatizo langu tangu mwanzo. Kwa hiyo nilieleza tangu mwanzo. Mama yangu alifariki, alikuwa anaongea Kipimbwe, mimi sikijui vizuri. Wateja wangu walikuwa wanasubiri kopi zao huku wananisikiliza. Nilimzika mama upya kila nilipopiga simu ile. Mwishowe nikafupisha, nikawa nasema tu kwamba kuna sauti za marehemu ndani. Kijana mmoja akaniuliza kama marehemu ndiye mwenye simu, maana kama ndivyo, wangehitaji cheti cha kifo ili kubadilisha jina la mmiliki. Nikamwambia hapana, simu ni yangu. Akasema basi hakuna shida, akanifungulia taarifa mpya yenye namba mpya. Nilimshukuru. Nilidhani amenisaidia.

Misa ya arobaini ilifika. Nilikwenda Mpimbwe mikono mitupu, nikamwambia mama mdogo kwamba simu iko kwa mafundi na itarudi. Sikumweleza kilichomo. Nilitaka aje asikie mwenyewe.

Kifurushi kilifika mwezi uliofuata. Dada anayeuza vitenge jirani na steshenari yangu alikuja kushuhudia nikifungua. Boksi lilikuwa jipya, na karatasi yake ya nailoni haijaguswa. Simu ilikuwa ya bluu. Yangu ilikuwa nyeusi.

"Hao watu ni waungwana," jirani yangu alisema. "Wamekupa mpya kabisa."

Hata hapo nilitafuta namna ya kujidanganya. Nikasema labda wamebadilisha gamba la nje tu. Nikaiwasha. Ikaandika karibu, chagua lugha. Jirani akanipongeza tena, akarudi kwenye vitenge vyake, nami nikakaa chini kwenye ile stuli ya kupigia picha za pasipoti.

Nilipopiga alipokea mwanamke.

"Simu mpya umeshaipokea, dada?"

"Nimeipokea. Naomba ile ya zamani."

"Ile ilikuwa mbovu."

"Najua. Naitaka hivyo hivyo ilivyo mbovu. Nitairudisha hii mpya leo."

Nikasikia anabonyeza kompyuta. Akasema mfumo unaonyesha tatizo langu limetatuliwa. Nikamwomba asome kilichoandikwa kuhusu data. Akasema hakuna kitu kilichoandikwa. Nikampa ile namba ya kwanza, ya ukutani. Akaitafuta, kisha akasema maelezo hayo yapo kweli, ila kwenye taarifa ya zamani, na taarifa ya zamani ilifungwa ilipofunguliwa mpya. Mafundi waliiona mpya tu.

"Na barua niliyobandika kwenye simu?"

"Barua hiyo mimi siioni hapa, dada."

"Simu yenyewe iko wapi?"

"Simu mbovu zinarudi kwa wakala wa kiwanda. Huwa zinafutwa kwanza, kwa usalama wa mteja."

Yeye hakuwa mbaya. Nilisikia kwamba anataka kumaliza vizuri, na hana kitu cha kumalizia. Akaniuliza kama kuna jambo lingine angeweza kunisaidia.

Niliendelea wiki mbili zaidi. Niliandika barua pepe, nikaomba kuongea na mkubwa wao. Mkubwa alipiga mwenyewe, mtu mstaarabu, akanipa pole kwa msiba, akaniahidi punguzo kwa manunuzi yangu yajayo. Alinikumbusha pia kwamba masharti ya waranti yanasema kampuni haihusiki na kilichohifadhiwa ndani ya kifaa. Nilikwenda nikayasoma. Yalikuwepo, kwa Kiingereza, maandishi madogo, na mimi ndiye nisiyemruhusu mtu kusaini fomu mezani kwangu kabla hajaisoma. Baadaye ukaja ujumbe wa kuniuliza nimeridhika kwa kiasi gani, na nyota tano za kuchagua. Nilipoandika tena, ukurasa ukasema mazungumzo haya yamefungwa.

Ile simu ya bluu ninayo na ndiyo ninayotumia. Inafanya kazi vizuri, sina cha kuilaumu. Watu wakija niwaagizie kitu mtandaoni nawaambia siku hizi siagizi. Wengine wamenuna.

Kiangazi kilipokolea nilipanda gari nikaenda Mpimbwe kumwambia mama mdogo ukweli. Njia nzima, tangu Sitalike na katikati ya hifadhi ya wanyama, nilikuwa napanga maneno, na nilipofika hayakutoka kama nilivyoyapanga. Nilimkuta anaanika mpunga uani. Nikamweleza rekodi, mafundi, simu mpya. Alisikiliza huku anausambaza mpunga kwa mguu. Hakuona ajabu kwamba kampuni ya Dar es Salaam haikunisikia, nadhani hakuwahi kutegemea ingenisikia. Nilipofika kwenye habari ya yule mtoto ndipo aliposimama.

Nikamuuliza kama alimfahamu. Akasema mama alimpita miaka mingi, dada yake huyo alipoolewa, yeye mwenyewe alikuwa bado mdogo wa kubebwa. Watu wakubwa ambao wangejua wote wamekwisha. Akasema dada yake hakuwahi kumwambia jambo la namna hiyo hata siku moja, akalirudia hilo mara mbili, nikaona limemuuma kwamba mimi niliambiwa na yeye hakuambiwa.

Kisha akakaa kwenye mkeka, akanivuta nikae.

"Hebu sema alivyosema," akaniambia. "Hata kama hujui maana yake. Sema tu ulivyosikia."

Nikajaribu. Nilimpa lile neno la mtoto, na maji, na kaburi. Nilimpa neno moja refu ambalo mama alilirudia mara nyingi, na ambalo nilidhani nalikumbuka. Mama mdogo aliinamisha kichwa, akafumba macho, akaniambia sema tena. Nikasema tena. Akajaribu kulitamka yeye, kwa namna moja, kisha kwa nyingine, huku ananitazama usoni kama ndilo. Kila namna ilisikika kama ndiyo, na kila namna ilisikika kama siyo. Moja ilikuwa jina la mto. Nyingine alisema si neno kabisa.

Tuliendelea hivyo mpaka nikawa sijui tena kama ninachotamka nilikisikia kwa mama au nimekisikia kwake yeye dakika ile. Nikaacha. Mama mdogo alingoja kidogo, akainuka, akaenda kuwafukuza kuku kwenye mpunga.