Waliniambia Nakua

Naitwa Mwende, mzaliwa wa Uthiru. Namshukuru Mungu kwamba leo natembea, lakini nina hasira pia, na sitaificha.

Kabla ya kuugua, hakuna mtoto wa ploti yetu aliyenishinda kuruka kamba. Nikiwa darasa la tatu, goti la kushoto likafura. Sikuwa nimeanguka. Asubuhi lilikuwa gumu hata nikashuka kitandani kwa makalio. Likafuata la kulia, kisha vifundo vya mikono. Kufikia mchana nililegea kidogo, nikatembea, na hapo ndipo watu wakaniita mwongo.

Kila mtu alikuwa na jibu. "Ni mifupa inakua," alisema mhudumu wa kliniki ya mtaani, akanipa dawa ya maumivu bila hata kunigusa goti. Jirani akacheka, akasema ugonjwa wa viungo ni wa wazee. Mwalimu aliona nachelewa paredi, akanipigisha magoti kwenye changarawe. Juu ya uvimbe. Mchungaji ananihimiza nimsamehe. Bado.

Nikakonda. Homa ikawa ya kila jioni. Nikiwa na miaka kumi na miwili, Mama alikuwa akinishika chooni kwa sababu sikuweza kuchutama. Aibu ile siwezi kuieleza.

Mwishowe Mama alichoka na majibu ya mtaani, akanipeleka mjini kwa daktari wa viungo vya watoto. Tulienda nikiwa na sare ya shule. Daktari akanitazama mikono ya sweta, niliyokuwa nimeikunja mara mbili.

"Hii sweta ulimnunulia lini?"

"Akiwa class three," Mama akajibu kwa fahari. "Nilinunua kubwa ndio aikulie. Huyu haharibu nguo, daktari."

Nilikuwa darasa la saba.

Daktari akaweka kalamu chini, akanisimamisha ukutani, akanipima. "Mama, huyu ako na arthritis, ugonjwa wa viungo. Uvimbe ukikaa mwilini miaka mingi, mtoto hakui vizuri. Ni kama amesimama pale pale."

Miaka minne watu wazima wananiambia nakua, na hakuna hata mmoja aliyechukua futi akanipima. Kanisani walimsifu Mama kwa nguo zangu kudumu. Mama alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, hadi kituo cha Mountain View.

Nilianza sindano ya kila wiki na mazoezi ya viungo. Sindano ilinitapisha, mazoezi yaliniliza. Baada ya miezi kadhaa nikachutama peke yangu, nikamwita Mama aje aone. Nilirefuka inchi chache, kisha mifupa ikafunga, haikukua tena. Nina miaka ishirini na mitatu, na mguu wangu wa kushoto umezidi wa kulia kwa urefu. Namshukuru daktari yule, na Mama, ambaye sina neno naye.

Mwezi jana, kwenye foleni ya kliniki, mama mmoja alikuwa na msichana anayechechemea kila asubuhi. "Anakua tu," akaniambia.

"Mpeleke kwa daktari wa viungo," nikamwambia. "Na apimwe urefu leo."

Akaniangalia kwa dharau. "Kwani wewe msichana uko class gani?"

"Nilimaliza chuo," nikasema, nikasimama.

Akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. Kisha akamvuta mtoto wake karibu. "Huyo daktari," akauliza, "anapatikana siku gani?"