Miezi Mitatu ya Kumpisha Mama

Mume wangu alihama nyumbani kwa sababu ya heshima. Ndivyo tulivyowaambia majirani, ndivyo tulivyowaambia watoto kwa simu ya shule, na ndivyo nilivyojiambia mwenyewe kila asubuhi nikifunga kitambaa kichwani. Lakini moyoni nilijua kwamba ndoa yangu ilikuwa imeanza kufa kabla mama hajashuka kwenye gari akiuburuta mguu wake wenye bandeji.

Sitaipaka mafuta hali yetu. Tulikuwa na miaka kumi na minane ya ndoa, watoto wawili bweni, na nyumba ya kupanga mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega, yenye sebule na vyumba viwili. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za mikutano katika ofisi ya serikali, kwa hiyo mchana kutwa nilikuwa nikiandika maneno ya watu, kisha nikirudi kwenye nyumba isiyo na neno. Yeye ni fundi wa mashine za kusaga mahindi. Leo utamsikia yuko Mautuma, kesho Musanda, na jioni anarudi unga umemjaa kwenye nyusi. Zamani nilikuwa nikiupangusa unga ule kwa kidole gumba changu, akiwa amefumba macho, na hapo ndipo siku yetu ilipokuwa ikianza. Mwaka huo alianza kunawa bombani nje kabla ya kuingia.

Hatukugombana. Laiti tungegombana, maana mimi ni mtu wa hasira, na hasira hunionyesha nimesimama wapi. Yeye alikuwa mpole tu. Nikimwekea chakula anasema asante, nikimpa shati anasema asante, kisha tunalala tumepeana migongo, kila mtu ukutani kwake. Nilihesabu miezi ambayo hakuwa amenigusa, nilipofika tisa nikaacha kuhesabu.

Mama alikuja wakati wa mahindi ya kuchoma. Sukari ilikuwa imemletea kidonda mguuni, na huko kwetu Musanda hakukuwa na mtu wa kumpeleka hospitali kila baada ya siku mbili kukisafisha. Nikamwambia aje mjini akae kwangu. Jirani yangu alipomwona akishushwa alipiga makofi, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Nikacheka kwa adabu. Sikujua kama mwenyeji alikuwa na ugonjwa unaoonekana mpaka barabarani.

Sasa kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mkono, hawali meza moja, na kulala chini ya paa moja ndiyo kabisa haiwezekani. Vijana wa siku hizi hulicheka jambo hilo, lakini hata wao mama mkwe akitokea wanatafuta mlango wa nyuma. Mume wangu alirudi saa kumi, akaona ndala za mama mlangoni, akasimama palepale uani. Mama akajifunika kanga, akageuza kiti, akampa mgongo.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, mkwe. Nimekuja kukusumbua."

"Hakuna kusumbua, mama. Nyumba ni yako."

Akaniita kando, akaniuliza mama atakaa siku ngapi. Nikamwambia mpaka kidonda kifunge. Akatikisa kichwa polepole, akanywa chai yake amesimama, akaondoka. Kabla sijasonga ugali wa jioni alikuwa amekwisha kupata chumba nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Alikuja na bodaboda, akafunga godoro la wageni, blanketi na redio yake ndogo. Nilimtazama akikaza kamba. Uso wake ulikuwa umelegea, kama wa mtu aliyeambiwa mkutano umeahirishwa. Hilo liliniuma kuliko tusi. Nikajiuliza swali moja tu, nami nikaishi na swali hilo miezi yote iliyofuata: mama akipona, huyu atarudi?

Kwa hasira zangu ningemwacha afe njaa huko. Ni mama aliyeniuliza.

"Bwana yako amekula nini?"

"Atakula hotelini."

"Hotelini! Mtu anipishe nyumba yake, halafu akulange hoteli kama mtu hana bibi? Funga obusuma umpelekee."

Nikafunga ugali na mboga za kunde kwenye kikapu, nikaenda nimenuna. Nilimkuta amekaa kitandani akisikiliza taarifa. Aliponiona alisimama haraka, akanipa kigoda, yeye akabaki kitandani. Chumba kilikuwa kidogo, cha mabati, na dirishani kulikuwa na pazia la maua ya samawati. Nilidhani mpangaji aliyetangulia aliliacha. Alikula. Nami, kwa kukosa pa kutazama, nikatazama mikono yake, na nikagundua kwamba kidole chake cha shahada kilikuwa na kovu jipya nisilolijua. Nikauliza. Akasema ni mkanda wa mashine, mwezi wa pili. Mwezi wa pili! Na tulikuwa tukila pamoja kila siku.

Nilipoinuka kuondoka alivaa viatu. "Nikusindikize," akasema.

Mgeni ndiye anayesindikizwa. Mke wako humsindikizi, utamsindikiza aende wapi? Tangu tulipokuwa wachumba hakuwahi kunisindikiza. Tulitembea mpaka kwenye kona ya kanisa bila kusema mengi, kati ya mahindi ya watu, moshi wa jikoni umelala juu ya barabara. Pale kwenye kona tukasimama, kila mmoja akimngoja mwenzake aage. Mwishowe nikasema, "Haya basi," nikaenda zangu, na mgongo wangu wote ulikuwa unajua kwamba bado amesimama.

Siku zilizofuata zimechanganyika kichwani mwangu, siwezi kuzipanga. Nakumbuka mwanga wa jioni baada ya mvua, majani ya mahindi yakidondosha maji yenyewe bila upepo, matope mekundu kwenye visigino vyangu. Nakumbuka nikiwa kwenye kikao cha mambo ya barabara, mkurugenzi akizungumza, nami kalamu imesimama kwa sababu nilikuwa nikiwaza nipike nini jioni. Nilianza kupaka mafuta miguuni kabla ya kutoka. Nilianza kuzipanga habari njiani, ipi nitamwambia kwanza. Naye alianza kunisimulia: jinsi kila mashine ilivyo na kikohozi chake, jinsi mama mmoja wa Mautuma alivyokataa katakata kusagiwa hadi mashine iombewe. Tulicheka mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta. Kumbe mume wangu ni mcheshi. Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimechoka kumsikia, sijui.

Kisha ikaja Jumamosi ya mvua. Mvua yetu ya Kakamega haina saa, lakini ikikupata saa tisa mchana mahali, ujue utakaa hapo. Nilikuwa nimepeleka chakula cha mchana, nikawa ninaosha sahani mlangoni, ikashuka na mawe yake juu ya mabati hata hatusikilizani. Alifunga mlango. Nilimwona akisema kitu, midomo tu. Nikamsogelea ili nisikie, na kwenye nyusi zake kulikuwa na unga, kwa sababu siku hiyo alikuwa ametengeneza kile kinu cha jirani. Nikaupangusa.

Sitaandika yote. Nitasema tu kwamba nilikuwa na miaka arobaini na miwili, tumbo lililozaa mara mbili, na aibu yangu yote ilibaki mlangoni na sahani. Kitanda kilikuwa chembamba, tukalazimika kushikana ili tusianguke. Baadaye tulilala tukiusikiliza mchirizi ukijaa kwenye pipa la nje, na nikalia, kwa furaha, na kwa miezi ile tisa.

Nilirudi nyumbani nywele zimesimama.

"Mvua ilikushika?" mama akauliza, macho kwenye dawa zake.

"Ilinishika, mama."

"Mvua ya huko nyuma ya kinu ni kali. Hata mimi nimeiona."

Kidonda kilifunga katika mwezi wa pili tangu mama aje. Muuguzi alikitazama akafurahi. Lakini mama alisema mguu bado una ganzi, hauna nguvu za kwenda shambani, tungoje kidogo. Nilipaswa kuhuzunika. Badala yake nilifurahi bila haya, mimi binti yake wa kumzaa, kwa sababu ganzi ya mama ilikuwa imenipa wiki nyingine za kona ya kanisa. Jumapili mume wangu alikuja uani kumjulia hali, naye mama akamjibu kutoka ndani, nyuma ya pazia, wakipaaziana sauti kuhusu bei ya mbolea na afya ya ng'ombe. Nilikuwa katikati, nikiwatazama kwa zamu, na nilimpenda kila mmoja wao.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu mama alifunga virago ghafla. "Nimepona," akasema, basi. Ijumaa nikampandisha gari la Mumias. Jumamosi asubuhi nikaenda kule chumbani kumsaidia mume wangu kuhama, nikiimba njiani kama msichana.

Mwenye nyumba, mjane mmoja mnene mwenye maneno mengi, alikuwa anaanua nguo. Akanisifu. Akasema ni vizuri mzee sasa anarudi kwake, maana chumba hiki kilimshangaza tangu mwanzo.

"Alichukua ufunguo tukipanda mahindi," akasema. "Akaleta kitanda, akaleta pazia, halafu halali. Anakujanga tu kukaa, anaenda. Nikasema huyu labda ni wa kuweka mizigo."

Tukipanda mahindi. Mama alikuja tukiyachoma.

Niliingia ndani, nikaketi kwenye kigoda. Alikuwa anakunja blanketi. Aliuona uso wangu, akaliweka chini.

"Ulikuwa unaniacha," nikasema.

Hakukana. Mume wangu ana makosa yake, lakini uongo wa ana kwa ana haujui.

"Nilikuwa nakuacha," akasema. "Nilikuwa nimepanga nikuambie wiki ile. Halafu mama akaja na mguu."

"Na mimi nikakuletea chakula. Miezi mitatu nimekubebea chakula kwenye chumba ulichochukua ili unikimbie!"

Nilipiga kelele, mjane na nguo zake wakasikia, jirani wa ukutani akasikia. Nilimwita majina nisiyoweza kuyaandika. Alisimama akapokea yote. Nilipoishiwa pumzi akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akasema kitu ambacho mpaka leo nakisikia kwa sauti yake ileile ya chini.

"Siku ya kwanza nilikuwa nimehama. Siku ya pili ukaja. Ya tatu ukaja. Nikaanza kuosha kile kigoda kabla hujafika. Sasa naogopa kurudi kwa ile nyumba. Naogopa tutanyamaza tena, mama watoto."

"Hata mimi naogopa," nikasema, na hasira yangu ikanihama palepale, nikabaki mtupu, kwa sababu ilikuwa kweli.

Hakurudi siku hiyo. Nilikaa peke yangu katika nyumba ile wiki mbili, hakuna mama, hakuna mume, wala sikupeleka chakula. Wiki ya pili alikuja mwenyewe, mchana, akagonga mlango wa nyumba yake. Nikafungua. Siwezi kudai kwamba tangu hapo ni asali tupu. Kuna wiki ukimya hurudi na kukaa mezani nasi. Siku hizo mmoja wetu husema, twende tutembee, na tunatoka, hata kama ni mpaka dukani.

Mama sikumwambia kitu. Kila nikienda Musanda namkuta akimsifu mkwe wake kwa wanawake wa kikundi chake, kwamba wakwe wa siku hizi hawana adabu lakini wa kwake alimpisha nyumba siku hiyo hiyo. Nilikuwa nikiinamisha kichwa. Lakini safari iliyopita tulikuwa wawili tu jikoni, tukichambua maharagwe, nami nikataka kumfurahisha.

"Kweli mkwe wako ana heshima," nikasema. "Siku ile ile alipata chumba."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, mimi niligonjeka mguu, si macho. Mwanaume hapatangi chumba mjini kati ya chai na chakula ya jioni. Hicho chumba kilikuwa kinamngoja."

Mikono yangu ilisimama juu ya ungo. "Ulijua?"

"Nilijua hapo hapo, hata kabla hajafunga godoro."

"Basi mbona ulikaa muda wote huo, mama? Kidonda kimefunga, na bado ukamweka mtu nje!"

Aliendelea kuchambua, lakini hakuwa anacheka tena.

"Ningeenda mapema, wewe ungekuwa mwanamke ameachwa," akasema. "Kama niko ndani ya nyumba, yeye hajaacha mtu. Amenipisha tu."