Maswali ya Bwana Mkubwa

Mkuu wa wanaprogramu katika ofisi moja Dagoretti Corner hatumii kielekezi, kile kinachoonyesha data ilipo, bila kukiuliza kama ni kitupu. Mstari unaofuata anakiuliza tena, akigonga kibodi kama anayepigilia misumari. Nzisa, jirani yake mezani, amechoka kumwambia kwamba kikiwa kitupu programu itaanguka yenyewe, bila kuombwa. Jumanne kliniki inayotumia programu yao ilipiga simu: majibu ya damu ya mama mmoja yametokea kwa mwingine. Kielekezi hakikuwa kitupu. Kilielekeza kwa mgonjwa asiye wake. Bwana mkubwa akaongeza maswali arobaini, yale yale.

Kesho yake askari wa mlangoni akamuuliza, "Uko na bunduki?"

"Sina." Akapitishwa.

"Sasa huyu soja anacheki nini?" bwana mkubwa akamwambia Nzisa, akicheka. "Kwani mwizi atasema ako nayo?"