Mama Matone na Silinda ya Mtaalamu

Wifi yake hakuchoka kumchokoza. "Eti unakwenda baharini kupima wadudu! Unawapima nini, viuno?"

"Napima ujazo wao," Mama Matone alijibu huku akivaa viatu vya mpira. "Na wewe ungetulia mahali pamoja ningekupima."

Jina hilo alipewa chomboni, kwenye meli ya utafiti, kwa sababu habanduki kwenye wavu mpaka tone la mwisho lidondoke. Miaka kumi na moja kazi yake ni ileile. Wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua unashushwa, unapandishwa, naye anaumwagia maji kwa nje, ili vijidudu vya bahari vilivyonasa viteremke hadi kwenye chupa iliyofungwa mkiani. Anavimimina kwenye silinda ya kioo yenye mistari, anatia dawa visioze, anaviacha vitulie chini siku nzima. Ndipo anasoma vimefika mstari gani.

Mtaalamu mpya hakuwa na siku nzima. Alikuja na shahada mbili, kofia pana na haraka ya mtu anayeogopa kuachwa. Nusu saa tu baada ya sampuli kumiminwa, chombo bado kinayumba, akainama akasoma: "Tisini na sita! Daftari lako halijawahi kuvuka hamsini. Mama, miaka yote hii ulikuwa unapima umelala?"

Nahodha akajifanya anakohoa. Mabaharia hawakujisumbua kujifanya, walicheka.

"Baba, hivyo bado vinaelea. Viache vishuke."

"Nitaandika ofisini tutafutiwe mpimaji mwenye macho."

Hapo mzaha ukamkauka Mama Matone mdomoni. Ashushwe chomboni, akashinde nyumbani na wifi? "Sikiliza. Kesho saa hizi, maabara, nahodha akiwepo. Ikizidi hamsini nashuka mwenyewe, usijisumbue na barua. Isipozidi, safari ijayo wavu utauosha wewe."

"Nimekubali," Mtaalamu akasema, tena upesi.

Kesho yake wakaizunguka meza ya maabara watatu. Mama Matone akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena.

Hamsini na nane.

Mtaalamu akaanza kupiga mluzi. Mama Matone akachuchumaa, akaizungusha silinda taratibu. Ndani ya ule uji wa kahawia kitu kilikuwa kinapitisha mwanga, laini kama ute wa yai, kinene kama kidole gumba cha nahodha.

"Yavuyavu!" akasema. "Limekaa humo linajaza nafasi ya wenzake."

Akavaa glavu, akachukua koleo.

"Hee, unapunguza sampuli!" Mtaalamu akaruka.

Nahodha akanyoosha kidole ukutani, kwenye karatasi ya kanuni iliyoandikwa na mkono wa Mama Matone mwenyewe: chochote kinachozidi ukucha kitolewe kabla ya kumimina, kisuuzwe, kipimwe peke yake.

"Kabla ya kumimina," Mtaalamu akasoma kwa sauti. "Mbona hukulitoa jana? Ulikuwa unafanya nini?"

Mama Matone akaitazama dari, ikawa haina msaada.

"Nilikuwa nawaigizia mabaharia unavyotembea."

Mtaalamu akamgeukia nahodha.

"Alipatia sana," nahodha akasema.

Yavuyavu likatolewa, likasuuzwa juu ya silinda, na vijidudu vikaachwa vitulie tena mpaka siku ya pili. Arobaini na moja. Mtaalamu alisoma mara tatu, mara ya tatu akiwa amevua kofia.

"Haya, nimeshindwa," akasema. "Lakini kosa ni lako. Liandike daftarini."

"Nimeshaandika. Yavuyavu moja, limesahauliwa na mpimaji. Hapa chini wanataka sababu. Niiweke kama ilivyo, iende mpaka ofisi kuu?"

Mtaalamu akaifikiria ofisi kuu, meza kwa meza.

"Sababu acha," akasema, akaenda kumuuliza nahodha mpira wa maji wa kuoshea wavu unafunguliwa wapi.