Siku Mtandao Ulipokata Ukweni

Jamani, kosa ni langu mwenyewe, na mtandao nausingizia tu.

Mimi ni fundi wa tovuti hapa Katoro, ufundi wenyewe bado mbichi. Baba wa mchumba wangu Kulwa ana karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kule Nyarugusu. Posa yangu alikuwa hajaikubali, maana haelewi mwanaume anafanya kazi gani akiwa amekaa kwenye kiti siku nzima. Basi nikajitolea kumtengenezea tovuti ya karasha lake.

Kupanga rangi na vitufe kwa CSS, ile lugha ya kupamba kurasa, kukanishinda. Nikapata mtandaoni faili la CSS lililoandaliwa na watu, jepesi kuliko picha moja ya simu. Nikaandika mstari mmoja wa kuliita kutoka huko huko, ukurasa ukapendeza papo hapo. Kulipakua nikaona uvivu.

Halafu nikamwambia Kulwa, naye akamwambia baba yake, kwamba urembo wote nimeuandika mimi, neno kwa neno.

Siku ya kuonyesha nilikwenda na kompyuta, shati nimelipiga pasi. Nikaamkia, nikakaribishwa, nikafungua ukurasa niliouhifadhi kwenye kompyuta. Mtandao hakuna hata chembe. Ukurasa ukatokea mtupu: maandishi meusi yamerundikana kushoto, na picha ya karasha imejaa kioo kizima. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Ule urembo ulioandika uko wapi?" Baba Kulwa akauliza.

"Uko mtandaoni, baba."

"Uandike wewe, halafu ukauache kwa watu?"

Nikakiri kuwa si wangu. Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoumia.

"Ng'wanone, mwanangu, mimi nilianza na karasha la kuazima. Hakuna aliyenicheka. Ila sikumwambia mtu kuwa nimeliunda mimi." Akamtazama binti yake. "Kama kwenye kitu kidogo hivi unadanganya, huyu utamwambia nini mkiwa wawili?"

Posa imesogezwa mpaka baada ya mavuno. Kulwa anaongea nami, lakini siku hizi nikimwambia niko kazini, anataka nipige picha.

Ninyi mnaoanza, lipakueni hilo faili, mliweke folda moja na ukurasa wenu, ule mstari uliite kutoka hapo, mzime data mjaribu. Na mkiulizwa ni la nani, semeni la watu. Ningesema hivyo tangu mwanzo, leo ningekuwa naitwa mkwe.