Moshi wa Mzee Mayige

Kabula binti Mayige analipwa kutazama moshi. Usicheke, kazi hiyo ipo. Pale ofisini Bariadi anafungua picha za setilaiti kwenye kompyuta: vumbi la Meatu likitimka huonekana rangi ya chai ya maziwa, moshi ni uzi wa kijivu, na moto unapowaka panatokea nukta nyekundu. Akiiona, anampigia simu mtendaji wa kata ile, watu wanawahi kuzima. Anaipenda kazi yake, na kusema kweli anaijua.

Sasa kiangazi hiki nukta ikaanza kutokea Sola, kule Maswa, shambani kwa baba yake mzazi! Mzee Mayige anaishi peke yake tangu mkewe afariki, na shamba lake la pamba limepakana na ngitili ya Masele, yale majani ambayo jirani huyo anayatunza ili ng'ombe wake wale mpaka mvua zirudi. Cheche moja ikivuka, ng'ombe watakula nini? Kabula alikosa raha. Hakumpigia mtendaji, alimpigia baba.

"Mwadila, baba," akamsalimia kikwao. "Unachoma nini huko?"

"Nani kakwambia?"

"Nimeona kwenye picha, kutoka juu."

"Juu wapi?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Nachoma miti ya pamba, mayo, mwanangu. Si ndivyo mabwana shamba walivyotuagiza, ili wadudu wafe? Haya, umekula? Habari za huko?"

Wakaongea mpaka vocha ya Kabula ikaisha.

Wiki iliyofuata, nukta tena. Akapiga, mzee akaapa kwamba hayo ni masalia ya mwisho. Ikaja nyingine. Jamani, miti ya pamba gani hiyo isiyokwisha? Njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi Kabula akapanda basi la Maswa, akamalizia kwa bodaboda, kavimba kwa hasira.

Alimkuta baba yake kando ya shamba, anakusanya matawi makavu kwa bidii zake zote. Mti wa pamba haukuwapo hata mmoja, shamba lilikuwa tupu. Hatua chache tu kutoka pale ngitili ya Masele imesimama, majani yamekauka kweli kweli.

"Baba! Unataka kumchomea jirani? Masele atakushtaki kijijini, utalipa ng'ombe!"

Mzee akaliweka chini tawi alilolishika. "Nisamehe, mayo."

"Kama una shida, si upige simu?"

"Nikipiga unasema uko kazini, utanipigia baadaye. Nikiwasha moto unapiga mwenyewe, hapohapo."

 Hasira yote ikamwishia Kabula, ikaja aibu, na machozi nayo hayakuwa mbali. Akayabeba yale matawi mpaka jikoni, yakawa kuni. Jioni wakala michembe, vile viazi vilivyokaushwa, kwa karanga, wakamsema Masele na ubahili wake, wakacheka, na Kabula akalala hukohuko.

Siku chache baadaye, ofisini, akafungua picha. Vumbi lilikuwa linapita Meatu kama kawaida yake. Sola yote ilikuwa safi, hakuna nukta. Akachukua simu, akatoka nje.

"Mwadila, baba."

"Mayo! Yaya, hapana, leo sijawasha kitu, haki ya Mungu!"

"Najua. Nimeona."

"Sasa mbona umepiga?"

"Umekula?"